Hifadhi ipi ya India inafanana na msitu wa ndoto zako za utotoni? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza maswali haya ni watu wazima. Wana kazi, wengine wana watoto, na bado kichwani wamebeba msitu mmoja wa India walioupata utotoni: kwenye katuni za jioni, kwenye kitabu cha maktaba ya shule kilichochanika jalada, au kwa mjomba aliyesimulia huku akitia chumvi. Sasa nauli imepatikana na wanataka kwenda kuuona. Tatizo ni kwamba msitu ule haukai mahali pamoja. Vipande vyake vimetawanyika katika nchi kubwa, na ukichagua vibaya utarudi umeona wanyama wengi bila kuufikia msitu wako.

India ina hifadhi za taifa zaidi ya 100. Nitaanzaje kuchagua?

Weka kando kwanza orodha za hifadhi bora. Nyingi hupima jambo moja tu, yaani uwezekano wa kumwona simbamarara, ambaye wengine humwita chui milia. Ndoto ya utotoni mara chache huwa ya mnyama mmoja. Keti ukumbuke kilichokuwemo katika picha ile. Kulikuwa na magofu yenye nyani? Kijito chenye mawe? Nyasi ndefu kuliko mtu? Kivuli kizito mchana kweupe? Kisha jiulize ulikuwa ukifanya nini humo: unatembea, unapiga kasia, au umelala ukisikiliza sauti za usiku? Swali hili la pili watu hulisahau, na ndilo litakaloamua kama utaridhika, kwa sababu katika hifadhi nyingi za India huruhusiwi kushuka garini isipokuwa mahali palipotengwa.

Ukishajibu hayo mawili, uchaguzi unapungua haraka. Miti mirefu na mbuga za kijani katikati yake ni Kanha. Vilima, misaji na mto wenye mawe ni Pench. Ngome iliyoachwa ni Ranthambore au Bandhavgarh. Nyasi ndefu na vifaru ni Kaziranga. Kutembea kwa miguu ni Satpura.

Hadithi za Mowgli, mtoto aliyelelewa na mbwa mwitu, zinatokea hifadhi gani hasa?

Pench, au tuseme milima ya Seoni inayoizunguka. Mwandishi Rudyard Kipling alizichapisha hadithi hizo mwaka 1894 akaziweka katika milima ya Seoni, kando ya mto aliouita Waingunga. Mto upo mpaka leo, huandikwa Wainganga, na Seoni ni wilaya ya jimbo la Madhya Pradesh. Hifadhi ya Pench iko katika wilaya za Seoni na Chhindwara, na sehemu yake nyingine imevuka mpaka hadi wilaya ya Nagpur katika jimbo la Maharashtra. Kwa hiyo anayekuambia Kanha ndiyo nyumba ya Mowgli hajapotea sana, maana misitu hii miwili inakaribiana na wanyama wake ni wale wale, lakini jina la Seoni linaelekeza Pench.

Kipling alizaliwa Bombay, ila hadithi zile aliziandika akiwa Marekani, kwa kutegemea vitabu na masimulizi ya watu wengine kuhusu misitu hiyo. Mimi jambo hili hunipa raha. Hata aliyetuachia ndoto alikuwa akiota kutoka mbali.

Mwanzo wa kiangazi, majani yakishapukutika, utaona pale Pench mti mweupe uliosimama peke yake kwenye kilima, gome lake laini kama lililopakwa chokaa. Wenyeji huuita kulu, na waongozaji wengine huuita mti wa mzimu. Usiku wa mbalamwezi huonekana kutoka mbali. Kama utotoni uliogopa msitu na kuupenda kwa wakati mmoja, mti huo utauelewa mara moja.

Basi niende Pench au Kanha?

Swali hili huja kuliko yote, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Kanha ndiyo iliyo karibu zaidi na picha iliyomo vichwani mwa wengi. Eneo lake la kiini, yaani la ndani linalolindwa zaidi, lina kilomita za mraba 940, na imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1955. Miti yake mikuu huitwa sali: mirefu, imenyooka, na haibaki uchi kwa muda mrefu kama misaji, hivyo hata wakati wa ukame msitu una kivuli. Unapita kwenye kivuli hicho kwa muda, halafu ghafla gari linatokea kwenye uwanda mpana wa nyasi wenye ukungu wa asubuhi, na mamia ya kulungu wa madoa wanalisha. Nyanda hizi nyingi zilikuwa mashamba na malisho ya vijiji vilivyohamishwa. Nitalirudia jambo hilo mbele, maana halipaswi kupitwa.

Kanha ina pia kisa ambacho kila mpenda wanyama angefaa kukijua. Kuna kulungu mkubwa mwenye pembe za matawi mengi aitwaye barasingha. Jamii yake inayoishi kwenye ardhi ngumu ya India ya kati ilikuwa imebaki Kanha peke yake, na mwaka 1970 walihesabiwa 66 tu. Walijengewa uzio wa kuzalia salama, nyasi zao zikatunzwa, na leo wako mamia. Wengine wamepelekwa Satpura ili wasiwe wote mahali pamoja. Kumwona dume la barasingha limesimama kwenye ukungu likiwa limejivika nyasi kwenye pembe zake kama taji, wakati wa kutafuta majike, ni zawadi ambayo wageni wengi huipita mbio wakimfuata simbamarara.

Pench ni ndogo zaidi, kavu zaidi na wazi zaidi. Misaji yake hupukutisha majani, kwa hiyo kuanzia Machi unaona mbali ndani ya msitu. Ni nzuri kwa mbwa mwitu wekundu, wawindaji wa makundi wanaofanana kwa tabia na mbwa mwitu wa Selous ya zamani, na kwa chui. Hapa ndipo alipoishi jike mashuhuri la simbamarara lililoitwa Collarwali, kwa sababu ya ukanda wa redio aliofungwa shingoni. Alizaa watoto 29 katika mizao minane, akafa Januari 2022, na wanakijiji wakamchoma kwa heshima kama afanyiwavyo mtu wao.

Ushauri wangu: mwenye siku sita au saba aende zote mbili, aanze Pench amalizie Kanha, kwani kutoka moja hadi nyingine ni safari ya saa chache kwa gari. Mwenye siku tatu na ndoto ya Mowgli aende Pench, kwa kuwa ni karibu na uwanja wa ndege wa Nagpur. Mwenye siku tatu na ndoto ya msitu tu, bila hadithi fulani, aende Kanha na akubali safari ndefu ya barabarani.

Mbona picha nyingi zinaonyesha msitu mkavu wa rangi ya udongo? Wangu ulikuwa wa kijani.

Misitu ya India ya kati na ya Rajasthan huishi kwa mvua za masika ya kusi, yaani za Juni hadi Septemba. Zikiisha, kila kitu ni kijani, na kadiri miezi inavyokwenda majani yanapungua. Maeneo ya kiini ya hifadhi nyingi hizi hufungwa kwa umma kuanzia Julai 1 hadi Septemba 30.

Anayetaka kijani aende Oktoba au Novemba. Nyasi ni ndefu, hewa imeoshwa, na wanyama wamejificha. Desemba na Januari asubuhi huwa na baridi kali kuliko wanavyotarajia watu wa pwani; kwenye gari la wazi alfajiri, kipimajoto kinaweza kukaribia sifuri huko Kanha. Aprili na Mei joto hupita nyuzi 40, msitu umekuwa kahawia, na wanyama wote wanakuja kwenye maji yaliyobaki. Ndipo wapiga picha wa simbamarara hufurika.

Kwa hiyo unachagua: msitu wa ndoto au mnyama wa picha. Februari na mwanzo wa Machi ni katikati, na kama huna sababu nyingine, nenda wakati huo. Maua mekundu ya mti wa palash huanza kuchanua, na msitu uliokauka nusu unawaka rangi.

Nataka magofu yaliyomezwa na msitu, yenye nyani juu ya kuta. Yapo?

Yapo, na ni kweli kuliko unavyofikiri.

Ranthambore, Rajasthan, ina ngome kubwa juu ya mwamba katikati ya hifadhi, ambayo tangu mwaka 2013 imo kwenye orodha ya urithi wa dunia pamoja na ngome nyingine za vilima za Rajasthan. Chini yake kuna maziwa matatu, na kando ya ziwa Padam Talao kuna jumba la zamani la mapumziko ya wawindaji, Jogi Mahal, lenye mti mkubwa wa mbaniani ulioshusha mizizi mpaka ikawa mashina. Vijumba vya mawe vimesimama ovyo msituni, na simbamarara hulala kwenye vivuli vyake. Jike aliyeitwa Machli aliishi kando ya maziwa hayo, akapigana na mamba mkubwa akamshinda, na akafa Agosti 2016 akiwa mzee sana kwa simbamarara wa porini. Ngome yenyewe huingiwa kwa miguu bila kibali cha safari, na waumini hupanda kila siku kwenda kwenye hekalu la Ganesh lililomo ndani. Languri, ndugu wa mbega wenye sura nyeusi na mikia mirefu, wamejaa kwenye kuta.

Ubaya wa Ranthambore ni umaarufu wake. Iko kwenye njia ya treni ya Delhi na Mumbai, kwa hiyo hufikika kirahisi na hujaa magari, yakiwemo yale makubwa ya viti 20 yaitwayo kanta. Ukitaka ndoto isikatizwe na kelele, lipia jipsi, yaani gari dogo la wazi la watu sita.

Bandhavgarh, Madhya Pradesh, ina ngome ya kale zaidi kwa masimulizi ya wenyeji, juu ya kilima cha mwamba ulionyooka pande zote. Njia ya ukanda wa Tala hupita kwenye sanamu ya Vishnu aliyelala, imechongwa kwenye mwamba karibu miaka elfu moja iliyopita, imefunikwa kuvu na majani, na chemchemi inatiririka miguuni pake. Kule juu ngomeni huwezi kwenda utakavyo. Lakini ukisimama mbele ya sanamu ile asubuhi, maji yakidondoka, utakuwa umefika mahali ulipopawaza ukiwa na umri wa miaka minane. Kati ya hizi mbili mimi ningechagua Bandhavgarh bila kusita, na wala si kwa ajili ya simbamarara wake, ingawa ni wengi mno.

Chui mweusi nitamwona wapi?

Kabini, upande wa kusini wa hifadhi ya Nagarhole, jimbo la Karnataka. Chui mweusi si mnyama wa aina nyingine. Ni chui yule yule aliyezaliwa na rangi nyingi nyeusi, na jua likimpiga vizuri utaona madoa yake chini ya weusi. Hutokea zaidi kwenye misitu yenye unyevu na kivuli. Kwa Afrika Mashariki, Laikipia nchini Kenya imejulikana kwa chui weusi, jambo la kushangaza kwa nchi kavu vile.

Usisafiri kwa ajili yake peke yake. Nenda Kabini kwa sababu ni msitu mzuri: mianzi, misaji mikubwa, na bwawa pana ambalo maji yake yakipungua kati ya Machi na Mei huacha kingo za nyasi mbichi, tembo wakija kwa makundi makubwa. Ukiwa na bahati ya chui mweusi, umshukuru Mungu.

Na dubu, chatu, mbwa mwitu na nyani mkubwa?

Dubu wa hadithi zile ni dubu mweusi mwenye manyoya marefu na alama nyeupe kifuani, mla mchwa, asali na maua ya mti wa mahua. Satpura ni pazuri kwake. Si mpole hata kidogo. Wanakijiji wanamwogopa kuliko simbamarara.

Chatu huota jua wakati wa baridi katika hifadhi ya Keoladeo karibu na Bharatpur, ambako unaruhusiwa kuzunguka kwa baiskeli. Mbwa mwitu wa kijivu, wale wa kundi la Mowgli, hawapendi msitu mnene, na Pench ni adimu. Nenda ukawatafute kwenye nyanda kavu: Velavadar, Gujarat, ni hifadhi ndogo ya nyasi yenye mbwa mwitu na swala weusi wenye pembe zilizosokotwa.

Orangutani mliyemwona kwenye katuni hayupo India na hajawahi kuwa sehemu ya misitu ya Seoni. Nchi nzima ina jamii moja tu ya nyani wasio na mkia, giboni wa huloki, naye yuko kaskazini mashariki. Hifadhi ndogo ya Hoollongapar huko Assam imetengwa kwa ajili yake, na wimbo wake wa asubuhi, dume na jike wakipokezana, husikika mbali sana.

Nimekulia jirani na Serengeti. Kuna jipya kweli?

Lipo, ila usilitafute kwa macho ya Serengeti, utakasirika. Kule nyumbani unaona mbali, unaendesha kutwa, unakula chakula chini ya mgunga. India safari ni mbili kwa siku, ya alfajiri na ya alasiri, kila moja ya saa chache, na geti likifungwa limefungwa. Dereva na mwongozaji wa idara ya misitu hufuata kanda uliyopangiwa, na huwezi kusema tukaangalie upande ule.

Badala ya kuona, unasikiliza. Gari linazimwa katikati ya njia. Kulungu wa madoa akitoa mlio mkali mfupi, mwongozaji anainua kidole. Languri akikohoa juu ya mti, anaangalia languri huyo ametazama wapi. Sambari, kulungu mkubwa wa kahawia, akipiga mlio wake mzito mmoja, hapo dereva anawasha gari bila kuambiwa, kwa sababu sambari hatangazi hatari bure. Aliyezoea tabia ya swala pala na nyani kumfichua chui ataijua kazi hii haraka. Mimi naamini dakika kumi za kusubiri kimya ndani ya mianzi, huku kitu kisichoonekana kikitembea upande wa pili, ndizo zilizo karibu zaidi na ndoto ya mtoto. Mtoto hakumwona mnyama pia. Alijua tu kwamba yupo.

Ndoto yangu ilikuwa ya nyasi ndefu na mto mkubwa.

Kaziranga, Assam. Mto Brahmaputra hufurika kila masika, unaacha rutuba na mabwawa, na nyasi zake humfunika tembo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu vifaru wa pembe moja 2,613 humo, wengi kuliko mahali popote duniani. Ngozi yao imekunjamana kwa mabamba, tofauti kabisa na vifaru wetu wa Ngorongoro. Kuna nyati maji wa porini, tembo, na simbamarara wasioonekana. Hufunguliwa takriban kuanzia Novemba hadi Aprili, na nyasi zikishachomwa mwanzoni mwa mwaka unaona mbali zaidi. Ukanda wa kati, Kohora, ndio maarufu. Agaratoli upande wa mashariki ni tulivu na una ndege wengi.

Corbett, Uttarakhand, chini ya milima ya Himalaya, ni chaguo jingine. Ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza ya India, iliyoanzishwa mwaka 1936, na mradi wa kitaifa wa kuwaokoa simbamarara ulizinduliwa huko Aprili 1, 1973. Unachokitafuta ni Dhikala, nyumba za zamani za idara ya misitu katikati ya hifadhi, juu ya mto Ramganga, ambako unaruhusiwa kulala. Chakula ni cha mboga, vyumba ni vya kawaida mno, na usiku umezungukwa na uzio huku tembo wakipita uwandani. Ndoto yako ikiwa ni ya usiku msituni, achana na hoteli zote za kifahari nje ya mageti, ulale Dhikala.

Na msitu wa maji?

Sundarbans, Bengali Magharibi: mikoko isiyo na mwisho, boti, matope, na simbamarara anayeogelea. Mtu wa Rufiji au Lamu ataitambua harufu. Waokota asali na wavuvi humwomba Bonbibi, mlinzi wa msitu, Waislamu kwa Wahindu, kabla ya kuingia. Wanyama huonekana kwa nadra sana.

Periyar, Kerala, ni ya milima ya kijani na ziwa lililotokana na bwawa la mwaka 1895, miti iliyokufa ikiwa bado imesimama majini. Kuna safari za rafu za mianzi, na baadhi ya waongozaji wake ni watu waliokuwa majangili zamani.

Naweza kutembea kwa miguu?

Satpura, ndiyo. Unavuka mto Denwa kwa boti pale Madhai, na unaweza kupanga kutembea pamoja na mwongozaji na askari wa misitu katika maeneo yaliyoruhusiwa, au kupiga kasia kwenye maji tulivu. Unaona nyayo, kinyesi cha dubu chenye mbegu, alama za kucha kwenye gome, na kindi mkubwa wa rangi ya kahawia nyekundu akiruka kutoka mti hadi mti. Simbamarara wapo, hawaonekani kirahisi, na magari ni machache. Kwa aliyeota akitembea pekupeku msituni hakuna hifadhi ya kuizidi, na nasikitika kila ninapoona inaachwa nje ya ratiba.

Simba je?

Gir, Gujarat, ndiko pekee duniani wanakoishi simba wa Asia porini. Sensa ya 2025 iliwahesabu 891, wengi wakiwa wametawanyika nje ya hifadhi. Wana shungi fupi na mkunjo wa ngozi tumboni. Kwa mtu wa Afrika Mashariki sababu kubwa zaidi ya kwenda huenda ikawa watu: vijiji vya Wasidi, kama Jambur, vinakaliwa na wazao wa Waafrika waliovuka Bahari ya Hindi karne nyingi zilizopita. Ukisikia ngoma zao usiku, kaa usikilize mpaka mwisho, na uwape haki yao kama wenyeji badala ya kuwafanya maonyesho.

Nitamwona simbamarara kweli?

Makadirio ya 2022 yaliwaweka takriban 3,682 nchi nzima, na jimbo la Madhya Pradesh liliongoza kwa 785. Bandhavgarh, Tadoba ya jimbo la Maharashtra, Ranthambore na Kanha zina nafasi nzuri. Panga safari nne kwa uchache ndani ya hifadhi moja, bora kuliko mbili mbili katika hifadhi mbili. Asiyekupa ahadi ndiye mwongozaji wa kuaminiwa. Anayemshinikiza dereva amkaribie mnyama kwa ajili ya picha anamharibia mnyama na wageni wote.

Hao watu waliohamishwa kutoka vijiji vya Kanha ni akina nani?

Kuzunguka Kanha ni Wabaiga na Wagondi, walioishi na misitu hii kabla haijaitwa hifadhi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 vijiji vyao vimekuwa vikitolewa eneo la kiini, na malalamiko juu ya fidia na maisha mapya hayajaisha. Anayetoka karibu na Loliondo au Ngorongoro hahitaji kuelezwa zaidi. Unachoweza kufanya ni kulala kwenye nyumba za wageni zinazoajiri wenyeji, kumlipa mwongozaji wa kijijini, na kumuuliza habari za mahali pale kabla hujamuuliza za wanyama. Ukitoka na Mbaiga kwenda msitu wa pembeni atakuonyesha majani ya dawa, njia za asali na miti ambayo kitabu chako hakikuitaja.

Vibali hupatikanaje?

Kila jimbo lina tovuti yake ya serikali. Madhya Pradesh hufungua nafasi karibu miezi minne kabla, na za kanda maarufu huisha upesi, hasa Desemba na sikukuu ya Diwali. Pasipoti utakayoandika ndiyo utakayoonyesha getini, namba ikiwa tofauti hata kwa tarakimu moja unaweza kurudishwa. Mgeni hulipa zaidi ya raia. Jumatano alasiri hifadhi za Madhya Pradesh hufungwa, na watu wengi hupoteza nusu siku kwa kutolijua hilo. Kanda za kiini zikijaa, maeneo ya pembeni bado huwa na nafasi, na wanyama hawajui mpaka uko wapi.

Visa na chanjo?

Raia wa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda huomba visa ya kitalii mtandaoni kwenye tovuti rasmi ya serikali ya India; jihadhari na tovuti za kuiga zinazotoza zaidi. Cheti cha homa ya manjano ni jambo la kutofanyia mchezo. Anayetoka Kenya, Uganda, Burundi au Congo, au aliyekuwa huko ndani ya siku 6 kabla ya kufika, anaweza kuwekwa karantini asipokuwa nacho, na chanjo huhesabiwa kuanzia siku ya 10 baada ya kuchomwa. Mtanzania anayepitia Nairobi au Entebbe naye akibebe. Habari za malaria muulize daktari.

Nimekuja India kwa masomo au kumuuguza ndugu. Nina siku mbili tatu tu.

Hili ni la wengi wetu, na linawezekana. Ukiwa Bengaluru, Kabini ni safari ya barabara ya saa tano hivi kupitia Mysuru. Ukiwa Delhi, treni ya kwenda Sawai Madhopur inakufikisha Ranthambore, au gari la kwenda Ramnagar linakufikisha Corbett. Mumbai kuna ndege na treni za usiku hadi Nagpur, na kutoka hapo geti la Touria la Pench ni chini ya saa tatu. Ahmedabad, Gir. Kolkata, Sundarbans. Chennai ni mbali na zote, ila treni ya usiku hadi Madurai kisha basi hadi Kumily inakuingiza Periyar.

Kama mgonjwa ameruhusiwa na daktari na anaweza kukaa, chagua Periyar au Kabini, ambako kuna boti yenye kiti na kivuli. Barabara za ndani za Kanha na Bandhavgarh zina mashimo, na mgongo uliofanyiwa upasuaji hautazistahimili.